Mgeni Ndani ya Seli: Marburg na Maswali Matatu ya Familia Zetu



Ndugu wasomaji, kila inapotajwa homa ya Marburg katika mkoa wetu wa Kagera, maswali matatu hurudi majumbani na hata barazani pa msikiti baada ya sala. La kwanza: kwa nini mgonjwa hapewi dawa kali ya sindano akapona, kama wanavyopona wenye homa nyingine? La pili: kwa nini watu wazima, wanaokula na kutembea, huwekwa chini ya uangalizi kwa siku 21? La tatu, nalo ndilo zito kuliko yote: kwa nini ndugu huzuiwa kumwosha na kumkafini maiti wao kwa mikono yao?

Maswali haya yanaonekana kuwa mbalimbali, lakini jibu lake ni moja, nalo limo ndani ya kitu kidogo kisichoonekana kwa macho: seli ya mwili wa mwanadamu. Anayefahamu kirusi kinafanya nini kinapoingia ndani ya seli, na seli nayo inajibu vipi, hatahitaji kulazimishwa na mtu kufuata amri za wahudumu wa afya. Atazifuata kwa kuwa amezielewa.

Yaliyotupata Kagera

Tarehe 21 Machi 2023, Waziri wa Afya wa wakati huo, Mheshimiwa Ummy Mwalimu, alitangaza kwamba Maabara ya Taifa ya Afya ya Jamii imethibitisha ugonjwa wa Marburg katika Wilaya ya Bukoba Vijijini. Ilikuwa mara ya kwanza kwa ugonjwa huo kuthibitishwa nchini Tanzania. Hadi mlipuko ulipotangazwa kumalizika tarehe 2 Juni mwaka huohuo, wagonjwa 9 walikuwa wamehesabiwa, wanane kwa kipimo cha maabara na mmoja kwa dalili na uhusiano wake na wengine. Kati yao 6 walifariki. Waliofariki walikuwamo watu wa familia moja na mhudumu mmoja wa afya. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Sisi wa Goziba tunayo sababu ya pekee ya kuukumbuka mwaka ule. Taarifa ya Shirika la Afya Duniani ilieleza kwamba mgonjwa aliyedhaniwa kuwa wa kwanza alikuwa ametoka safari ya kisiwani kwetu, na dalili zikamwanza alipofika kijijini kwao. Kwa sentensi hiyo moja, jina la kisiwa cha wavuvi wa dagaa na sangara, kilichoko Wilaya ya Muleba, likasomwa dunia nzima. Kutajwa kwa mahali alikotoka msafiri si kuwatia hatiani watu wa mahali hapo, nalo ni jambo tutakalolirudia mbele.

Msiba haukuishia hapo. Tarehe 20 Januari 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza mlipuko wa pili mkoani mwetu, safari hii katika Wilaya ya Biharamulo. Wagonjwa 2 walithibitishwa na wengine 8 walihesabiwa kuwa walikuwa na ugonjwa huohuo, na wote 10 walifariki. Mlipuko ulitangazwa kumalizika tarehe 13 Machi 2025. Kati ya milipuko hiyo miwili, jirani zetu wa Rwanda walipatwa mwishoni mwa mwaka 2024: wagonjwa 66, wengi wao wahudumu wa afya, na vifo 15.

Jina la Marburg si la Kiafrika. Ni mji wa Ujerumani. Mwaka 1967 wafanyakazi wa maabara katika miji ya Marburg na Frankfurt, na pia Belgrade, waliugua baada ya kushughulika na tumbili waliosafirishwa kutoka Uganda. Watu 31 waliugua na 7 wakafa. Miaka mingi baadaye, uchunguzi katika mapango na migodi ya Uganda ulionyesha kwamba makazi ya asili ya kirusi hiki ni popo wala matunda, wale wakubwa wanaolala mapangoni kwa maelfu. Popo hao hukibeba bila kuonekana wagonjwa.

Kirusi ni nini?

Mwili wa mtu mzima una seli zipatazo trilioni 30. Kila seli ni kama karakana kamili: ina ukuta wa utando wenye mafuta, ina ghala la maagizo ya kazi, ina vyanzo vya nguvu, na ina mafundi wadogo waitwao ribosomu ambao husoma maagizo na kuunda protini.

Kirusi hakina vyanzo vya nguvu wala mafundi hao. Hakili, hakipumui, wala hakiwezi kuzaana peke yake. Kirusi cha Marburg ni uzi mwembamba ambao unene wake ni kiasi kwamba 12,500 wakipangwa ubavu kwa ubavu watatosha ndani ya milimita moja. Ndani ya uzi huo mna utepe wa RNA wenye herufi za kemia zipatazo 19,000, zilizogawanyika katika jeni 7 tu. Mwanadamu ana jeni takriban 20,000. Jeni 7, lakini zinatosha kumwangusha mtu mwenye nguvu za kuvuta nyavu usiku kucha.

Mfano wake ni mtu anayeingia katika karakana ya kuunda mitumbwi akiwa na mchoro mkononi, bila mbao, bila misumari, bila randa. Akishaingia, huwaamuru mafundi waache kazi ya mwenye karakana na waunde chombo chake yeye, kingine na kingine, hadi mbao zote ziishe.

Namna kinavyoingia na kuongezeka

Kirusi cha Marburg huingia mwilini kupitia mchubuko wa ngozi au utando laini wa macho, pua na mdomo, pale unapogusana na damu, matapishi, kinyesi, jasho au majimaji mengine ya mgonjwa. Hakisafiri hewani kama kikohozi cha mafua. Seli zinazokipokea mwanzo ni askari walinzi wa mwili, zile zenye kazi ya kumeza wavamizi. Hapo ndipo methali ya wazee wetu, kikulacho ki nguoni mwako, inapotimia: mlinzi anakimeza akidhani amekimaliza, kumbe amekifungulia mlango.

Kikiwa ndani ya kifuko cha mmeng'enyo cha seli, vimeng'enya vya seli yenyewe hukinyoa kirusi ngozi yake ya nje. Badala ya kukiua, kitendo hicho hufichua sehemu ya protini yake inayoshika kwenye kipokezi cha seli kiitwacho NPC1. Ni kama ufunguo uliotolewa kwenye ala. Utando wa kirusi unaungana na utando wa kifuko, na utepe wa RNA unamwagika katikati ya karakana.

Sasa kuna kikwazo. Seli zetu hazina mashine ya kunakili RNA kutoka katika RNA nyingine, na maagizo ya Marburg yameandikwa kinyume, kama maandishi yanayosomwa kwenye kioo, hata ribosomu haziwezi kuyasoma. Kwa hiyo kirusi huja na mashine yake ndogo ya kunakili, iitwayo polimerasi. Mashine hiyo hugeuza maandishi yakawa yanasomeka, na hapo ribosomu, ambazo haziulizi agizo limetoka kwa nani, huanza kuunda protini za kirusi. Protini zikishatosha, polimerasi hugeukia kazi ya pili: kunakili utepe mzima, mara nyingi sana. Kila utepe mpya huvikwa protini, husogezwa hadi pembezoni mwa seli, na protini iitwayo VP40 huusukuma nje ukiwa umefunikwa kipande cha utando wa seli yenyewe. Virusi vipya hutoka hivyo, vikiwa vimevaa nguo walizoiba kwa mwenyeji, na kila kimoja huitafuta seli nyingine.

Seli haikai kimya

Mwenyezi Mungu hakuiacha seli bila silaha. Ndani yake mna walinzi wa kemia wanaonusa kila utepe wa RNA. RNA ya kirusi ina alama zisizofanana na za kwetu, na mlinzi anapoitambua hupeleka habari kwenye kiini cha seli. Hapo seli hutengeneza na kutoa nje ujumbe uitwao interferoni. Ujumbe huu uligunduliwa London mwaka 1957 na Alick Isaacs na Jean Lindenmann.

La mgambo likilia lina jambo. Seli jirani zinapopokea interferoni huwasha mamia ya jeni za ulinzi. Nyingine hutengeneza vimeng'enya vya kukatakata RNA, nyingine husimamisha kabisa kazi ya ribosomu, ili mvamizi akiingia akute karakana imefungwa. Seli iliyokwisha kuvamiwa huweza kujimaliza yenyewe kwa utaratibu maalumu ili kirusi kisipate pa kuongezeka. Vilevile huonyesha vipande vya protini za kirusi juu ya utando wake, ili seli wauaji za mfumo wa kinga zije zimwondoe mvamizi pamoja na nyumba aliyojificha. Baada ya siku kadhaa kingamwili huanza kutengenezwa. Hizi hukigandama kirusi kikiwa bado nje ya seli na kuuziba ule ufunguo wake.

Hata homa unayoihisi ni sehemu ya mbiu hii. Ubongo hupandisha joto kwa sababu seli za kinga zimetuma ujumbe kwamba vita vimeanza.

Kama mambo yangekwenda hivyo daima, Marburg isingemuua mtu. Lakini katika zile jeni 7 zimo zenye kazi ya kuiziba mbiu midomo. Protini iitwayo VP35 huifunika RNA ya kirusi ili walinzi wasiinuse. VP40, ileile inayosukuma virusi nje, pia hukata njia ambayo seli jirani hutumia kuusikiliza ujumbe wa interferoni. Matokeo yake, aliyevamiwa hapigi kelele ipasavyo, na jirani hata akipigiwa kelele hasikii.

Kwa siku za mwanzo kirusi huongezeka kimyakimya. Mfumo wa kinga unapogutuka, adui amekwisha kusambaa kwenye ini, wengu na kwingineko. Hapo mwili hujibu kwa hamaki: seli za kinga zilizoambukizwa humwaga kemikali nyingi kupita kiasi, mishipa ya damu huvuja, damu huganda pasipotakiwa na kukosa kuganda panapotakiwa. Ndiyo maana baadhi ya wagonjwa hutokwa na damu. Mara nyingi kinachoua ni kirusi pamoja na vurugu ya ulinzi uliochelewa. Wanaopona, kwa rehema za Mwenyezi Mungu, ni wale ambao kinga yao iliwahi kupanga safu.

Kwa popo hali ni tofauti. Mwili wake humdhibiti mgeni bila hamaki hiyo, na wote wawili huishi.

Swali la kwanza: dawa

Vidonge vya rangi mbili tunavyonunua dukani kwa kila homa ni vya kupambana na bakteria. Bakteria ana karakana yake mwenyewe, na dawa hizo huvunja mashine zake. Kirusi hakina karakana. Kinatumia ya kwetu. Dawa ya bakteria haipati cha kuvunja.

Dawa ya kirusi lazima itafute ile sehemu chache ambayo ni ya kirusi peke yake. Kagera inalijua hili kuliko mikoa mingine, kwani wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa hapa mwaka 1983. Virusi vya UKIMWI hujiandika ndani ya maagizo ya seli na kukaa humo miaka, na kwa muda mrefu tulizika tu. Baadaye zikapatikana dawa zinazozuia mashine yao ya kunakili, na leo anayezitumia kwa uaminifu huishi na kulea wanawe. Kwa Marburg, hadi ninapoandika haya, hakuna chanjo wala dawa iliyokwisha kuidhinishwa. Nchini Rwanda wagonjwa walipewa kwa majaribio dawa ya remdesivir, ambayo huchomeka herufi ya bandia katika utepe unaonakiliwa ili polimerasi ikwame, pamoja na kingamwili zilizotengenezwa maabara. Lakini lililo mikononi mwa kila hospitali ni kumrudishia mgonjwa maji na chumvi, kulinda shinikizo la damu, na kutibu magonjwa mengine yanayoambatana, ili mwili upate muda wa kupanga safu yake. Muda huo hupatikana kwa anayewahi. Anayefika siku ya saba, baada ya kupitishwa kwa waganga watatu, ameutumia muda wake njiani.

Swali la pili: siku 21

Tangu kirusi kiingie hadi dalili zionekane hupita siku 2 hadi 21. Ni zile siku za kuongezeka kimyakimya. Mtu aliyemgusa mgonjwa hufuatiliwa muda huo wote ili homa ikimwanza leo, leo hii atengwe na atibiwe. Na mlipuko hautangazwi kumalizika mpaka zipite siku 42 bila mgonjwa mpya, yaani siku 21 mara mbili.

Kutokana na hayo tunapata jambo la uadilifu. Mtu asiye na dalili haambukizi, kwa kuwa virusi bado havijajaa katika majimaji ya mwili wake. Basi kwa nini jirani aliye chini ya uangalizi anyimwe salamu, mkewe azuiwe kuchota maji, watoto wake waitwe majina, au abiria akataliwe mtumbwini kwa kuwa ametokea kisiwani? Kumbagua mtu kunamfundisha kuficha, na mficha maradhi kifo humuumbua, tena huwaumbua na wengine pamoja naye. Mpelekeeni chakula mlangoni, mpigieni simu, muombeeni dua. Aliyepona naye ni ndugu aliyerudi kutoka safari nzito. Afuate tu ushauri wa daktari kuhusu faragha ya ndoa na kunyonyesha, kwani kirusi huweza kubaki kwa muda katika baadhi ya sehemu za mwili ambazo kinga haizifikii kwa wepesi.

Swali la tatu: maiti

Hapa ndipo pagumu, nami najua naandika kwa watu ambao kumwosha mzazi ni haki ya mwisho wanayoweza kumlipa. Lakini zingatieni yale tuliyoyaeleza. Anayefariki kwa Marburg amefariki karakana zote zikiwa zimefanya kazi ya adui mpaka mwisho. Idadi ya virusi katika damu, jasho na majimaji yake iko juu kabisa saa ileile ambayo wanawe wanataka kumkumbatia. Roho imetoka, lakini virusi vilivyokwisha kuundwa havikufa pamoja naye. Anayemwosha kwa mikono mitupu, akimpindua na kumkamua tumbo kama ilivyo desturi ya kuosha, anajiweka mahali pa hatari kubwa kuliko hata aliyemuuguza siku ya kwanza.

Sharia yetu haikushikwa na mshangao juu ya jambo hili. Katika fikihi ya Imam Shafii, ambayo wengi wetu hapa tunaifuata, maiti ambaye maji yatamharibu, kama aliyeungua, hutayamamishwa badala ya kuoshwa. Kanuni ya kuondoa madhara ni miongoni mwa nguzo za fikihi. Na katika tauni ya Amwas, mwaka 18 Hijria, Sayyidna Umar bin Khattab, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, alipopata habari akiwa Sargh aliwarudisha watu wake Madina, naye hakuwa dhaifu wa imani. Alithibitishiwa uamuzi wake kwa mafundisho ya Mtume, rehema na amani zimfikie, juu ya kutoingia katika nchi yenye tauni wala kuitoka kwa kuikimbia.

Kwa hiyo familia isimame mbali, timu ya mazishi yenye mavazi ya kinga ifanye kazi yake, na sala ya janaza isaliwe kwa umbali utakaoelekezwa. Namna ya tayammum, ya sanda na ya kuingiza kaburini ni mambo ya kumuuliza sheikh wa wilaya pamoja na wahudumu wa afya, na ni vyema kamati za misikiti ziulize sasa, wakati hakuna msiba. Siku ya msiba machozi hayasikilizi fatwa.

La kufanya nyumbani

Kumbukeni kwamba nguo ya kirusi ni utando wa mafuta ulioibwa kwa seli. Sabuni huyeyusha mafuta, na kirusi kilichovuliwa nguo hakina ufunguo wa kuingilia. Kwa hiyo maji na sabuni ni silaha ya kweli kwa masikini na tajiri. Udhu ni tahara ya ibada na baraka zake ni nyingi, lakini maji matupu hayachukui nafasi ya sabuni. Wekeni sabuni kwenye mabomba na madumu ya msikiti. Watoto wasicheze mapangoni wanamolala popo, na tunda lililotafunwa na popo lisiliwe. Mwenye homa kali ya ghafla, kichwa kuuma, kutapika na kuharisha apelekwe kituo cha afya, na anayemsindikiza aeleze bila kuficha ametoka wapi na amemgusa nani.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia Bukoba na Biharamulo, pamoja na wahudumu wa afya waliofariki wakiwatumikia, awape subira wafiwa, na atujaalie elimu tunayoifanyia kazi.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.